Mtoto wa Kupakatwa

Kutembeza watoto kwa mfuko wa mkulima kuna ufundi wake, na mimi Anisia nilijiona fundi. Maji hununui njiani, unabeba ya nyumbani. Mayai unachemsha jioni, viazi vitamu alfajiri, unafunga kwenye kitambaa. Watoto unawavalisha nguo za kanisani ili mjini wasijulikane kwamba wametoka shambani. Na garini hulipii kiti ambacho mtoto anaweza kukipata kwenye mapaja ya mtu. Haya yote nilifundishwa na marehemu mama yangu tulipokuwa wakimbizi Tanzania. Wenzetu walirudi Burundi na baiskeli na mabati, mimi nilirudi na akili hizo.

Safari yenyewe ilikuwa ya Letisia, binti yangu wa miaka saba. Alikuwa amemaliza darasa la kwanza vizuri, na baba yake, Nazario, akamuahidi kuona wapigaji ngoma wa Gishora, kule karibu na Gitega. Nazario akiahidi, wa kutimiza ni mimi. Bahati nzuri nina binamu yangu, Leonardi, anakaa Giheta na ni mpigaji hukohuko Gishora. Akanipigia simu: "Dada, Alhamisi kuna wageni wanakuja, tutapiga. Walete watoto, mtakaa upande wa familia zetu, hakuna atakayewadai kitu." Bure kabisa! Nani ataacha?

"Na shida hii ya mafuta?" Nazario akaguna. "Magari yenyewe ni ya kubahatisha. Ngojea kidogo, mama Letisia."

"Nikikungojea wewe, huyu mtoto ataolewa hajaona hata ngozi ya ngoma."

Akacheka, akachukua jembe lake akaenda zake. Mimi nikashika njia na Letisia, na mdogo wake Bonifasi wa miaka mitatu. Boni ni mtoto wa ajabu kidogo. Hana utundu. Ukimwambia simama hapa, atasimama hapo mpaka umsahau. Majirani pale kwetu Mwakiro wananionea wivu kwa mtoto yule.

Muyinga mjini tulipata basi dogo la kwenda Gitega. Konda wake aliitwa Valentin, kijana mwenye kofia nyekundu na mdomo mrefu. Alikuwa amesimama mlangoni anatangaza sheria yake: "Mama mmoja, mtoto mmoja wa kupakata! Wa pili ana kiti chake na kiti kina bei!"

Mimi nina wawili. Letisia ni mwembamba, anapakatika. Boni je?

Nikaangaza macho. Dirishani alikaa mwanamke peke yake, kilemba cha njano, furushi la vitenge miguuni. Kwa salamu tu nilijua ni Mkongo, wa kule Kivu ya Kusini. Wako wengi wanaofanya biashara kwetu. Nikamwinamia sikioni nikamweleza shida yangu, akacheka hadi meno ya nyuma.

"Lete mutoto, dada. Mi leo siko na wa kubeba."

Nikamweka Boni mapajani mwake, nikamshika kidevu anitazame. "Sikiliza, Boni. Konda akiwepo, mama ni huyu. Umesikia? Si mimi, ni huyu. Ukikosea, konda atatushusha na ngoma hatuzioni. Konda akishaondoka ndiyo mimi ni mama tena."

Boni akaitikia kwa kichwa.

Valentin alipofika kwetu akanitazama na Letisia wangu, akapita. Akamfikia yule mwanamke. "Huyu wa nani?"

"Wangu," akasema mwanamke, mkavu kabisa.

Konda hakuridhika. Akamwinamia mtoto. "Wewe, mama yako nani?"

Boni akainua kidole, akamgusa yule mwanamke kifuani. Jamani! Nilitamani kupiga makofi. Nilijisikia mama wa mtoto mwenye akili kuliko wote Burundi nzima.

Tukaenda vizuri mpaka Karuzi. Pale gari likaanza kukohoa, likasogezwa pembeni likazima. Mafuta yamekwisha. Dereva akashuka kwenda kuyatafuta, abiria wakaanza kulalamika, na Letisia akanivuta kanga.

"Mama, nataka kutapika."

Boni alikuwa amelala kwenye kifua cha yule mwanamke, mdomo wazi. Nikasema nitarudi sasa hivi. Yule mwanamke naye alikuwa anasinzia, sijui kama alinisikia. Nikamkimbiza Letisia nyuma ya nyumba moja ya matofali, akatapika yai lote na kiazi chote, nikamnawisha, nikamfuta gauni la kanisani kwa majani maana lilikuwa limeharibika. Ndipo tukarudi.

Basi lilikuwepo. Milango wazi, watu wachache wamesimama kivulini. Nikachungulia ndani. Dirisha lile halina mtu. Furushi la vitenge halipo.

Nikazunguka gari. Nikachungulia tena, utadhani mara ya pili wangekuwepo.

"Konda, mtoto wangu yuko wapi?"

Valentin akamtazama Letisia. "Si huyo umemshika mkono?"

"Mwingine! Wa kiume, alikuwa amelala!"

"Mwingine yupi? Mama, wewe ulipanda na mtoto mmoja. Nilihesabu mwenyewe."

"Aliyekuwa na yule Mkongo! Yule ni wangu!"

"Eeeh." Akakunja mikono. "Yule ni mtoto wa yule mama. Mama alisema, na mtoto mwenyewe alisema. Lilipita gari dogo, Probox, lenye nafasi, nikawatanguliza wenye watoto na wazee. Sasa unataka mtoto wa watu?"

Nikakaa chini pale barabarani, nikasimama tena. Nikamwambia nilidanganya, nilidanganya kwa ajili ya kiti, mtoto ni wangu, anaitwa Bonifasi, ana kovu la moto mkono wa kushoto. Watu kivulini wakatazamana.

"Sasa mimi nitajuaje kwamba hudanganyi saa hizi?" Valentin akasema.

Nikamkamata shati. Nilimkamata kifuani kwa mikono miwili, vifungo viwili vikaruka, nikamwambia tutakwenda naye, akitaka tutakwenda amekufa. Akaanza kucheka, kisha akaona macho yangu akaacha kucheka.

"Ile Probox inaishia Gitega?" nikamuuliza.

Akasita. "Dereva yule akipata abiria anaunganisha. Mpaka Bujumbura."

Mama weee! Bujumbura! Na ukishafika Bujumbura, mpaka wa Kongo uko hapo, unapita Gatumba unaingia Uvira. Mwanamke simjui jina. Namba yake sina. Ninajua kilemba cha njano tu, na kilemba mtu anavua.

Lilipotokea gari jingine la kwenda Gitega tukaingia, mimi na Letisia na Valentin, bado nimemkamata shati. Nilisahau kulia. Letisia alikuwa ananiuliza, "Mama, Boni ameenda wapi?" Nikamwambia yuko mbele. Akauliza tena. Nikamfokea anyamaze, akajikunyata akaanza kulia bila sauti, nami sikuwa na mkono wa kumbembeleza.

Valentin akampigia simu dereva wa Probox. Haipokelewi. Akapiga tena. Haipatikani.

"Ni mtu gani aliyemchukua?" akauliza baba mmoja kiti cha mbele.

"Mkongo," nikasema.

Baba yule akanyonya meno. "Mkongo? Ee, mama, pole. Siku hizi watoto wanauzwa."

Mimi ni mtoto wa kambini. Najua kuitwa mkimbizi, najua kutazamwa kama mwizi dukani hujashika kitu. Lakini siku ile, Mungu anisamehe, nilimwamini yule baba kwa moyo wangu wote. Nilianza kumwona yule mwanamke upya, jinsi alivyocheka haraka, jinsi alivyokubali haraka, jinsi alivyosema "wangu" mkavu, bila hata kupepesa. Mwanamke gani anadanganya vizuri hivyo? Nikajijibu mwenyewe kwamba ni yule aliyezoea.

"Wapigie watu wako wa stendi ya Gitega," nikamwambia Valentin. "Waambie wamkamate. Waambie ameniibia mtoto."

Valentin akapiga, na safari hii ikapokelewa. Akasema kwa Kirundi, kwa sauti kubwa: mwanamke Mkongo, kilemba cha njano, mtoto wa kiume, mwizi. Nilimsikia akilitamka neno hilo la mwizi na nikaona ni kweli.

Milima ya huko ni mizuri, watu wanasema. Mimi niliona nyuma ya kiti cha dereva tu. Nilikuwa naomba: Bikira Maria, awe analia, mtu amsikie, aseme "nataka mama" kwa sauti kubwa, watu washtuke. Halafu nikakumbuka kwamba Boni hatalia. Nilimwambia mama ni yule. Na Boni ukimwambia kitu ndiyo kimekwisha. Hapo ndipo nilipomwomba dereva asimamishe, nami nikatapika kama Letisia alivyotapika.

Tulipoingia Gitega niliona watu kabla sijaona stendi. Wamejaa mahali pamoja kama kwenye ugomvi. Nikaruka gari halijasimama sawasawa, Letisia mkono mmoja, Valentin mkono wa pili, nikapasua watu kwa mabega huku napiga kelele: "Mtoto wangu! Mwizi wa mtoto wangu!"

Alikuwa amekaa chini, juu ya furushi lake la vitenge, amezungukwa. Kilemba kimeanguka, nywele ziko wazi, shavu moja limevimba. Mtu alikuwa ameshampiga. Na Boni yuko mapajani mwake, amemkumbatia shingoni, andazi lililoliwa nusu mkononi. Polisi mmoja amesimama kati yao na watu, amenyoosha mikono kuwazuia.

"Boni!"

Boni akageuka. Akaniona. Nilimwona kabisa akiniona, uso wote ukafunguka. Nikanyoosha mikono.

Hakuja.

"Tulia, mama," polisi akanizuia. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya taratibu. "Wewe ndiye unayesema mtoto ni wako?"

"Ni wangu! Nimemzaa! Ana kovu hapa!" Nikaonyesha mkono wangu mwenyewe.

"Kovu hata aliyekaa naye garini analiona," mtu akasema nyuma.

"Na wewe?" polisi akamwambia yule mwanamke.

"Mi nimeshasema tangu mwanzo. Mutoto si wangu. Mama yake alinipatia nimubebee." Akawatazama watu waliomzunguka. "Hawanisikilize."

"Mwongo!" watu wakavuma. "Sasa anaogopa!" Jiwe dogo likapita, likamgonga begani.

Polisi akamgeukia Valentin. "Wewe ni konda wao. Walipanda vipi?"

Valentin akavua kofia. Nadhani naye alikuwa ameanza kuogopa. "Afande, mimi nitasema niliyoyaona. Huyu mama alipanda na binti huyu mmoja tu. Mtoto wa kiume alikuwa na yule. Nilimuuliza yule, akasema wake. Nilimuuliza na mtoto."

Watu ambao walikuwa wananihurumia wakaanza kunitazama mimi. Nilisikia mtu akinong'ona, labda huyu ndiye mwizi. Letisia akaanza kupiga kelele kwamba Boni ni mdogo wake, ni mdogo wake wa kweli, lakini nani anamsikiliza mtoto wa miaka saba, tena mtoto wangu?

Polisi akachuchumaa mbele ya Boni. "Kijana. Usiogope. Mama yako ni yupi?"

Boni akanitazama. Macho yalikuwa yamejaa machozi, ameyashikilia yasidondoke. Kisha akanyanyua kidole chake kile kile chenye mafuta ya andazi, akamgusa yule mwanamke kifuani.

"Huyu."

Sijui kuna neno gani la kusema nilivyojisikia. Watu walilipuka, wengine wananirudisha nyuma, mmoja akanishika mkono kwa nguvu nisitoroke. Nikawa naona mdomo wa polisi unachezacheza na sauti siisikii. Nimempoteza. Mtoto yuko hatua mbili, nanusa mafuta ya nazi niliyompaka asubuhi, na nimempoteza. Nitamwambia nini Nazario? Nitaingiaje nyumbani?

Nikamtazama Boni tena. Ndipo nikaona. Hanitazami mimi. Anaangalia juu ya bega langu. Anaangalia kofia nyekundu.

"Mwondoeni konda!" nikapiga kelele. "Afande, mwondoe konda! Asionekane!"

"Kwa nini?"

"Nilimfundisha! Nilimwambia konda akiwepo mama ni yule! Nilimfundisha mtoto kudanganya kwa sababu ya kiti, afande, nihukumu baadaye, lakini mwondoe huyu mtu mtoto asimwone!"

Watu wakaguna. Wengine wakacheka. Polisi akanitazama muda, akamtazama yule mwanamke, naye akaitikia kwa kichwa huku anajifuta damu mdomoni. Polisi akamwashiria Valentin aondoke. Valentin akaenda nyuma ya kibanda cha vocha, kofia yake ikapotea pamoja naye.

Boni akasubiri. Akainua shingo, akachungulia upande huu, akachungulia upande ule.

"Mama," akaniambia kwa kunong'ona, "konda ameenda?"

"Ameenda, baba. Ameenda."

Hapo ndipo alipolia. Alishuka mapajani mwa yule mwanamke akaja akinguruma, alilia kilio cha njia nzima kuanzia Karuzi, akaning'ang'ania shingo hadi nikakosa hewa. Nami nilikaa chini katikati ya stendi ya Gitega nikalia naye, Letisia juu yetu wote wawili. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Yule aliyerusha jiwe sikumwona.

Yule mwanamke aliitwa Apolline. Nilimuuliza jina lake hapo, baada ya kumfanyia yote yale. Alikuwa anafunga kilemba upya.

"Niliuliza konda, yule mama wa binti iko wapi, akasema pengine ulishatangulia na gari ingine," akasema. "Ndiyo maana niliingia. Tumefika hapa, siwaone. Dereva akasema twende Bujumbura, mi nikakataa, nikashuka. Biashara yangu ilikuwa Bujumbura. Nikasema, mama yake atakuja, ngoja nikae pahali ananiona."

"Dada, nisamehe. Mimi ndiye niliyewaambia wakukamate."

Alimtazama Boni aliyekuwa amelala begani kwangu, bado ana kwikwi.

"Njia yote nilikuwa namuuliza, mama yako iko wapi? Ananijibu, ni we. Nikamuambia, konda haiko humu, sema tu. Akaangalia dereva, akasema tena, ni we." Akajifunga mzigo wake. "Alikojoa mu nguo juu ya woga, lakini hakusema. Usimufundishe tena vile, mama."

Akaenda zake upande wa magari. Sikuwa na la kumpa ila mayai mawili yaliyobaki, akayakataa kwa mkono bila kugeuka.

Gishora tulifika. Leonardi alituona tunaingia akatupungia fimbo ya ngoma, wageni wakiwa wameshaketi. Letisia aliruka, alipiga kelele, baadaye alinisimulia kila mruko wa wapigaji. Mimi ngoma nilizisikia, ila usiniulize zilipigwaje. Nilikuwa nimemshika Boni kiganja, na kila alipotaka kukitoa nilikirudisha.

Tulilala kwa Leonardi. Asubuhi tukapata gari la kurudi Muyinga, konda mwingine, mzee wa makamo. Nikakaa na watoto wangu, mmoja kila paja. Dirishani kulikuwa na mama mmoja mnene peke yake, akanitazama kwa huruma, akagonga mapaja yake kuniashiria nimpe mmoja. Ndivyo tunavyosaidiana wote, hakuna ubaya.

Konda akafika. Akamwekea Boni mkono kichwani, kwa upole tu.

"Na huyu mdogo, ni wa nani?"

Boni aligeuza uso akanitazama mdomoni, akangoja nimwambie leo ni wa nani.

"Wangu!" Nilipiga kelele hadi gari zima likageuka. "Ni wangu! Wote wawili wangu!"

"Basi, mama, usinipigie kelele," konda akasema. "Lipa kiti chake."

Nikalipa. Boni akakaa peke yake kwenye kiti kizima, miguu haifiki chini, na mkono wangu hakuuachia mpaka Muyinga.